Mchezaji Anapokuwa Ndiye Mtunzi



Kitu kilichofanywa na mikono mingi, mwenyewe ni nani? Nyumba ya mawe hujengwa na mwashi, seremala, mchoma chokaa na wachukuzi, lakini mjuzi akipita mbele ya mlango husema, "Hii ni kazi ya fundi fulani," kwa kuwa ameona alama asiyoweza kuikosea. Wengine wote walitoka jasho, na ujira wao waliupata, ila alama iliyobaki ni ya mmoja.

Katika nyimbo zetu za pwani jambo hili twalijua zaidi. Chukua mfano wa Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Mengi katika maneno aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, ambaye ni malenga mkubwa kwa haki yake mwenyewe. Mahadhi mengi nayo yalitoka katika picha za Kihindi. Basi maneno si yake, na mahadhi si yake. Hata hivyo watu wote husema "wimbo wa Bhalo," wala hakuna anayewasahihisha. Yaani kuna kitu kilichoingia pale ambacho hakikuandikwa katika karatasi ya malenga wala hakikuja na sahani ya santuri kutoka Bombay. Kitu hicho ndicho tunachotaka kukizungumza leo, ila tutakitafuta katika sinema, kwa kuwa huko ndiko kinakofichika zaidi na ndiko kinakotugusa zaidi majumbani mwetu.

Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kuona mwalimu wa chuo anashika kalamu kuandika habari za mchezaji sinema. Hatuandiki ili kuwapigia watu upatu waende kutazama, wala hatukukaa hapa kutoa fatwa. Fatwa ina mahali pake na ina wenyewe. Lakini picha zimekwisha kuingia. Zamani watu walizifuata Majestic na Empire kule Unguja, Regal kule Mombasa, Avalon na Odeon kule Dar es Salaam, na siku za Idi tiketi ziligombaniwa. Leo zimo ndani ya simu ya mtoto, chini ya mto wake wa kulalia. Kitu kilichokwisha kuingia nyumbani, kukijua ni bora kuliko kukifumbia macho. Na wa kwanza wa kujulikana ni huyu: ni nani anayesema nasi tunapotazama picha?

RAI YA WENYEWE

Wafaransa waliliuliza swali hili mapema. Mwaka 1954 kijana mmoja aitwaye François Truffaut aliandika katika jarida la Cahiers du cinéma makala makali ya kuwashambulia watengenezaji picha wa kwao, waliokuwa wakichukua vitabu mashuhuri na kuvigeuza picha bila ya kutia ndani yake chochote kilicho chao. Yeye na wenzake wakashika rai ya kuwa picha njema ina mtunzi mmoja kama vile shairi lilivyo na mtunzi mmoja, na kwamba mtunzi huyo ni mwongozaji. Mwaka 1962 Mmarekani Andrew Sarris akaichukua rai hiyo, akaipangia hoja na daraja, ikaenea.

Baadaye wakatokea waliosema: Ngojeni kidogo. Mbona wako wachezaji ambao mwongozaji akibadilika wao hawabadiliki? Mwaka 1975 mwandishi Patrick McGilligan alitoa kitabu juu ya mchezaji wa Marekani, James Cagney, na katika jina lenyewe la kitabu akamwita mchezaji huyo mtunzi. Hoja ya watu hawa ni nyepesi kuifahamu, nami nitaieleza kwa namna ya mizani. Badilisha mwongozaji, badilisha mwandishi, badilisha mpiga picha, badilisha hata mwimbaji. Ikiwa baada ya yote hayo kimebaki kitu kile kile, na kitu hicho ndicho kinachoipa picha maana yake, basi mwenyewe ni yule asiyebadilika.

Mizani hii tumpimie nani? Tungeweza kumpimia huyo huyo Cagney, lakini wasomaji wetu wengi hawamjui. Tumpimie mtu ambaye wazee wa pwani walimjua kwa uso na kwa jina, na huku wengi wakimpenda bila ya kujua hata neno moja la lugha aliyoisema.

YUSUF KHAN ALIYEITWA DILIP KUMAR

Alizaliwa Peshawar tarehe 11 Desemba 1922, na jina alilopewa na wazazi wake ni Muhammad Yusuf Khan. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa matunda, mtu mkali, aliyeona kucheza sinema ni kazi ya fedheha. Kijana alipochukuliwa katika kampuni ya Bombay Talkies na bibi Devika Rani, aliyekuwa akiiendesha, bibi huyo alimshauri atafute jina jingine la kutumia katika picha. Jina lililochaguliwa likawa Dilip Kumar. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba jina jipya lilimfaa pia kwa sababu alikuwa akimwogopa baba yake.

Picha yake ya kwanza, Jwar Bhata ya mwaka 1944, haikwenda mbali. Ya mwaka 1947, Jugnu, aliyocheza na Noor Jehan, ndiyo iliyomtoa. Tangu hapo mpaka picha yake ya mwisho, Qila ya mwaka 1998, alicheza picha zisizofika 70 katika zaidi ya miaka 50. Kwa desturi ya Bombay hesabu hiyo ni ndogo mno. Wenzake walizifikia na kuzipita kwa muda mfupi zaidi. Alifariki Mumbai tarehe 7 Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 98, akazikwa kama Muislamu katika makaburi ya Juhu. Jina la Dilip liliishia mlangoni mwa makaburi. Aliyeingia ni Yusuf.

Sasa tuishike mizani.

KWANZA: SAUTI

Dilip alipoanza, uchezaji wa Kihindi ulikuwa bado na harufu ya majukwaa ya tiyatro. Mchezaji alipaza sauti ili aliyekaa nyuma kabisa asikie, na mikono ikasema yale ambayo mdomo umekwisha kuyasema. Yeye alifanya kinyume. Alishusha sauti. Aliacha nafasi baina ya neno na neno, hata mtazamaji akadhani amesahau, kisha neno likaja limebeba uzito wa kile kimya kilichotangulia. Alitambua kuwa sinema si jukwaa, na kwamba kamera humsogelea mtu karibu kama mgonjwa anavyosogelewa na anayemuuguza. Mtu aliye karibu hapigiwi kelele.

Yaone haya katika Mughal-e-Azam, picha ya K. Asif iliyochukua zaidi ya miaka kumi kutengenezwa, ikatoka mwaka 1960. Prithviraj Kapoor ndiye Sultani Akbar, na sauti yake inatikisa nguzo. Dilip ndiye mwanawe, Salim. Baba anaponguruma, mtoto hajibu kwa ngurumo. Hujibu kwa sauti ya chini, macho yametulia. Mwandishi aliandika ugomvi wa mfalme na mrithi wake. Lakini kilichoonekana katika pazia ni zama mbili za uchezaji zimesimama uso kwa uso, na aliyeleta zama mpya hakuwa mwandishi wala mwongozaji.

PILI: MTU YULE YULE

Tazama picha tatu za mwanzo. Katika Andaz ya mwaka 1949, ya Mehboob Khan, anampenda mwanamke ambaye moyo wake uko kwa mwingine, akaufahamu wema wake kwa maana isiyokuwa yake. Katika Deedar ya mwaka 1951, ya Nitin Bose, ni kipofu mwimbaji aliyerudishiwa macho na daktari. Akaona kwa macho hayo kuwa anayempenda ndiye atakayeolewa na daktari huyo, akayapofua tena kwa mkono wake. Katika Devdas ya mwaka 1955, ya Bimal Roy, iliyotoka katika kitabu cha Sarat Chandra Chattopadhyay, ni mtoto wa tajiri aliyeshindwa kusema neno moja siku ilipohitajiwa, akautumia umri wake uliobaki kujiua kwa ulevi.

Waongozaji watatu, kila mmoja na njia yake. Hata sauti za nyimbo ni tatu, kwa kuwa katika picha za Kihindi mchezaji hufungua mdomo na mwingine huimba: katika Andaz aliimba Mukesh kwa niaba yake, katika Deedar Mohammed Rafi, katika Devdas Talat Mahmood. Juu ya hayo yote, mtu aliye ndani ni mmoja. Ni yule anayejidhuru mwenyewe kuliko kunena. Hakuna aliyewakusanya waongozaji hawa wakaandika maisha ya mtu mmoja katika sura tatu. Aliyeziandika sura hizo ni yule aliyekuwamo katika zote tatu.

TATU: KUCHAGUA NA KUKATAA

Mtunzi hujulikana kwa anachokiandika, na pia kwa anachokifuta. Guru Dutt alimtaka kwa picha ya Pyaasa, iliyotoka mwaka 1957. Dilip akakataa, kwani aliona mtu wa picha ile anakaribiana mno na Devdas. Guru Dutt akaicheza mwenyewe, na ikawa picha kubwa. Imesimuliwa pia kwamba Mwingereza David Lean alimtaka kwa ile picha ya Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, akakataa, nafasi ikamwendea Mmisri Omar Sharif na kumpatia jina ulimwenguni. Mfanyabiashara ataona hasara hapo. Lakini mtu anayejua sura ya kitabu anachokiandika haongezi ukurasa kwa sababu umelipiwa vizuri.

Na pale alipokubali, alijifunza. Katika Kohinoor ya mwaka 1960 palikuwa na wimbo ambao mchezaji huonekana akipiga sitar. Wengi wangeweka mikono juu ya nyuzi, mpiga picha akapiga kutoka mbali, mambo yakesha. Yeye alijifunza chombo kile kwa Ustadh Abdul Halim Jaffer Khan, mpaka vidole vyake vikaweza kuonekana kwa karibu bila ya aibu. Sauti ya sitar katika picha si yake, wala ya kuimba si yake. Ukweli wa vidole ndio wake.

NNE: KUFUATWA

Mwaka 1949 alicheza picha iitwayo Shabnam, na ndani yake aliitwa Manoj. Mtoto mmoja aliyeitazama picha ile, aliyezaliwa kwa jina la Harikrishan Goswami, alipokua na kuingia katika kazi hiyo hiyo, aliliacha jina lake akajiita Manoj Kumar. Zingatia hapa, ndugu msomaji. Hakuchukua jina la mchezaji, bali la mtu asiyekuwapo duniani, mtu wa kubuni. Na miaka 32 baada ya Shabnam, Manoj Kumar huyo alimwongoza Dilip katika picha ya Kranti. Mwongozaji aliyeitwa kwa jina la kivuli, akimwongoza mwenye kivuli! Hapo nani mtunzi wa nani?

PICHA MBILI, RISASI MOJA

Lakini dalili yenye nguvu kuliko zote ni hii nitakayoieleza sasa, nayo haionekani mpaka picha mbili ziwekwe kando kwa kando.

Mwaka 1961 ilitoka Ganga Jamuna. Dilip aliitoa kwa mali yake, hadithi akaiandika yeye, na mchezaji mkuu akawa yeye. Jina la mwongozaji lililoandikwa ni Nitin Bose, lakini imesimuliwa sana kuwa maamuzi mengi yalikuwa ya Dilip. Ni habari ya ndugu wawili wa shamba. Mkubwa, Ganga, anadhulumiwa na jamaa wa mwenye ardhi, anafungwa kwa kosa asilolitenda, na mwishowe anaingia msituni kwa wanyang'anyi. Mdogo, Jamuna, anasoma kwa jasho la kaka yake na kuwa askari polisi. Siku inafika ambapo mdogo anampiga risasi mkubwa.

Dilip hakusema Kihindi cha mjini katika picha ile. Alisema lugha ya mashamba ya Awadh, mfano wa mtu wa kwetu atoe picha ya kuuzwa kila mji, kisha aizungumze kwa Kimakunduchi. Kwa mwenye kutia mali yake hilo ni jambo la kutisha. Yeye alitaka mkulima asikike kama mkulima. Na inahadithiwa kuwa kabla ya kupigwa picha ya kufa kwake, alipiga mbio kuizunguka studio mpaka pumzi zikamwisha, kisha akaingia mbele ya kamera vivyo hivyo. Wakaguzi wa serikali waliikalia picha hiyo kwa muda kabla ya kuiachia.

Miaka 21 ikapita. Mwaka 1982 ikatoka Shakti, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Safari hii Dilip ndiye askari polisi. Mwanawe mdogo anatekwa, na watekaji wanamwambia katika simu amwachie mwenzao aliyefungwa la sivyo mtoto atauawa. Baba anajibu kuwa hatouvunja wajibu wake hata wakimwua. Mtoto anayasikia maneno yale kwa masikio yake. Anasalimika, anakua, na mtoto huyo mkubwa ni Amitabh Bachchan, aliyekuwa wakati ule stelingi mkubwa kuliko wote India. Anaishi na jeraha la maneno yale mpaka anafika upande wa wahalifu. Mwisho wake, baba anampiga mwanawe risasi.

Waona sasa? Risasi ile ile. Mwaka 1961 Dilip alikuwa mbele ya bunduki ya sheria. Mwaka 1982 yuko nyuma yake. Aliyekufa kwa kudhulumiwa amerudi kuwa mwenye kuua kwa wajibu, na hapana anayemjua vizuri zaidi yule anayeanguka. Salim na Javed walikwisha kuitumia habari ya ndugu wawili, mhalifu na askari, katika Deewaar ya mwaka 1975, na aliyeicheza sehemu ya mhalifu alikuwa Bachchan huyo huyo. Kalamu zao ndizo zilizomjenga yule kijana mwenye hasira, na katika Shakti hasira hiyo iko tayari, imeandikwa kwa wino uliokolea. Lakini mama anapofariki, na mtoto analetwa kutoka kifungoni, wakakaa wawili hao karibu ya maiti, hapana anenalo. Na kimya ni nyumba ya Dilip tangu mwaka 1944. Picha iliyoandikwa kwa ajili ya hasira ya mtoto inahamia, taratibu, katika majonzi ya baba.

HOJA ZA WAPINZANI

Msomaji mwenye akili atanirudi kwa mambo mawili, na yote mawili yana haki ya kujibiwa.

Atasema kwanza: Haiba ni kipawa. Mtu amepewa uso na macho na sauti, hakuvitengeneza. Vipi aitwe mtunzi kwa kitu ambacho hakukifanya? Neno hili ni kweli, na ndilo linalotenga wachezaji katika mafungu mawili. Uso mzuri peke yake si utunzi, kama vile karatasi nyeupe si utenzi. Wachezaji wenye sura wamepita mia kwa mia, na picha zao zimekufa pamoja na ujana wao. Mtu hasifiwi wala halaumiwi kwa uso aliopewa. Husifiwa au hulaumiwa kwa alichoufanyia kazi uso huo. Tuliyoyahesabu hapo juu, yaani kushusha sauti, kukataa, kujifunza, kuchagua lugha ya shamba, hayo si maumbile. Hayo ni matendo.

Atasema pili: Kama yeye ndiye mtunzi, mbona alipopewa madaraka yote hakufanikiwa kila mara? Hili nalo ni kweli. Leader ya mwaka 1964 ilitoka katika hadithi yake mwenyewe, na haikupendwa kama ilivyotarajiwa. Dil Diya Dard Liya ya mwaka 1966 nayo ilianguka. Na picha pekee aliyoianza akiwa mwongozaji kwa jina rasmi, Kalinga, katika miaka ya 1990, haikumalizika kabisa. Jawabu langu ni kwamba utunzi wa mchezaji si utunzi wa kiti. Yeye huandika kwa mwili wake ndani ya kazi ya wengine, na huhitaji wengine hao wamkabili kama ukuta unavyoukabili mpira. Mehboob, Bimal Roy na Asif walikuwa kuta madhubuti. Asiyekuwa na wa kumwambia "hapana" huanza kujiiga mwenyewe, na katika baadhi ya picha zake za miaka ya 1960 kimya chake kimekuwa mazoea, mtazamaji aweza kukihesabu kabla hakijaja. Mashauriano ni baraka hata katika sinema.

DENI LA MTUNZI

Sasa tufike kwenye kiini, kwani hatukuandika yote haya ili kumpamba mtu.

Tukikubali kuwa mchezaji aweza kuwa mtunzi, tumempa heshima, na pamoja nayo tumembebesha deni. Mchezaji aliye mdomo tu atasema, "Niliambiwa niseme, nikasema." Mtunzi hana udhuru huo. Basi nasi tumuulize Dilip Kumar juu ya Devdas.

Kitabu na karatasi za picha ile zinaonyesha maangamizi. Kijana ameharibika, jina la ukoo limeharibika, na anakufa nje ya mlango wa aliyempenda, mlango usiofunguliwa. Hapana ndani yake neno la kuusifu ulevi. Lakini vijana waliotoka sinema hawakutoka wakiyaogopa maangamizi yale. Wengi walitoka wakiyaona mazuri. Kilichoyapamba si chupa. Kilichoyapamba ni ile sauti ya chini, yale macho mazito, ule utulivu. Mwandishi alisema "ogopeni," na uso wa mchezaji ukasema "tazameni jinsi ilivyo tukufu huzuni." Uso ukashinda. Huo ni ushahidi mkubwa wa utunzi wake, na ndio mzigo wake mkubwa.

Na wa kwanza kuungua kwa moto huo alikuwa mwenye kuuwasha. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2014 ameeleza kuwa kucheza majonzi mfululizo kulimwingia nafsini hata akatafuta tabibu wa nafsi huko London, naye akamshauri achukue picha za furaha. Ndipo akacheza Azaad mwaka 1955, kisha Kohinoor, na baadaye Ram Aur Shyam ya mwaka 1967, iliyowachekesha watu mbavu zikawauma. Wale wasemao "ni mchezo tu" na waitafakari habari hii. Ikiwa mwenye kucheza, anayejua kila hila iliyomo, aliingiwa na huzuni ya kubuni mpaka akahitaji dawa, atakuwaje mtoto wa miaka 12 anayetazama bila ya kujua kitu?

Lakini insafu yataka tumalize hesabu. Mtunzi huyu hakubaki pale. Huzuni ya mwanzo ilikuwa ya mtu juu ya nafsi yake. Ya Ganga ni ya mtu aliyedhulumiwa na wenzake. Ya Shakti ni ya mtu aliyeshikwa baina ya mapenzi na haki. Kisha ikaja Mashaal, mwaka 1984, ya Yash Chopra. Humo yeye ni mhariri wa gazeti, mtu wa kweli aliyefilisiwa kwa ukweli wake. Usiku mke wake anashikwa na maumivu njiani. Mzee anazikimbilia gari zinazopita, anaziomba, anapiga kelele. Gari hazisimami. Madirisha hayafunguki.

Mwaka 1944 mpaka 1984 ni miaka 40 kamili. Miaka 40 mtu huyu amenena kwa sauti ya chini, na leo ameipaza, na haisikilizwi. Javed Akhtar aliyaandika maneno yale, na Yash Chopra aliipanga barabara ile, lakini hapana hata mmoja wao aliyeiandika ile miaka 40 inayoufanya ukelele ule ukate maini. Ungempa mchezaji mwingine mzuri maneno yale yale, ungepata mzee anayelia. Hapa unapata kimya kirefu kilichovunjika. Kwa ushahidi huu nimeridhika kuwa aitwe mtunzi. Na kwa ushahidi huu huu naona kuwa amelipa sehemu ya lile deni la Devdas. Kwani anayeitazama Mashaal haoni utukufu wa kukata tamaa, bali hutoka akijiuliza kama yeye angesimamisha gari.

NASIHA KWA WENYE NYUMBA

Wazazi wengi humzuilia mtoto picha kwa jina lake, au kwa mavazi yaliyomo, au kwa ngoma. Yana mahali pake hayo, na yako mengi katika picha hizi tusiyoyakubali. Lakini hatari na faida kubwa zaidi humo katika uso ambao mtoto anaurudia picha baada ya picha mpaka ukawa mwalimu wake wa pili. Basi mtoto wako akiwa na mchezaji anayempenda, usimcheke, wala usimkemee kabla hujajua. Kaa naye umuulize mambo matatu. Huyu umpendaye, katika picha zote, ni mtu gani asiyebadilika? Anapoumia, anafanya nini na maumivu yake? Na anapokosa, nani analipa? Mtoto akiweza kuyajibu haya, amekwisha kutoka katika kundi la wanaochezewa akaingia katika kundi la wanaosoma. Nasi walimu na wazazi, kazi yetu tangu zamani ni hiyo hiyo ya kuwafundisha watoto kusoma, iwe ni herufi ubaoni au ni uso katika kioo.

Wabillahi tawfiq.